Digrii Arobaini na Tano

Tanuri lilifunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na lilikuwa sawa.

Inspekta alitamani kulipiga teke. Lilikaa mbele yake katikati ya karakana, chuma na matofali, kubwa kama friji iliyolazwa chali, kifuniko wazi, na kisanduku cha namba kikiwaka ubavuni bila wasiwasi wowote.

"Soma tena," alisema.

Mwalimu wa chuo cha ufundi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, hakusoma tena. Alikuwa ameshasoma mara mbili, na si mtu wa kubembelezwa.

"Inspekta, namba haibadiliki kwa sababu umeikasirikia. Jana kisanduku kilipoandika mia tano kumi na tano, kipimajoto changu kiliandika mia tano kumi na nne. Kilipoandika mia sita sitini, changu kiliandika mia sita sitini na moja. Na hivi hapa vijipembe."

Aliinua kigae chenye vijipembe vitatu vya udongo, kila kimoja kirefu kama kidole cha mwisho. Vimetengenezwa ili kila kimoja kiiname kwenye joto lake, hata kisanduku kiseme nini.

"Cha mia sita thelathini kimelala kabisa. Cha mia sita sitini kimeinama. Cha mia sita tisini kimesimama wima kama askari wa gwaride. Ndivyo inavyotakiwa. Tanuri hili linasema kweli."

"Hilo ndilo tatizo," alisema Inspekta.

Jumatatu asubuhi kivuli cha taa cha kioo, kipana kama meza ya watu sita, kilipasuka kikiwa kinaning'inia kwenye dari la ukumbi wa mikutano. Hakuna aliyekigusa. Vipande vilimwangukia mhudumu aliyekuwa akipanga viti, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Kioo hicho kilichomwa hapa. Vipande vya rangi viliunganishwa kwa moto hadi vikawa kitu kimoja, kisha vikarudishwa tanurini mara ya pili ili kupindwa juu ya kalibu. Baada ya hapo kioo lazima kipumzishwe, yaani kishikwe kwenye digrii mia tano kumi na tano kwa muda, halafu kishushwe polepole. Kikipoa haraka hubaki na hasira ndani, na hasira hiyo hutoka siku inayotaka yenyewe.

Mchomaji alikuwa dada mkubwa wa mwenye karakana, mama wa miaka sitini ambaye wafanyakazi walimwita Mama Digrii kwa sababu hata uji aliupima. Leo Alhamisi alikuwa anaingia siku ya nne mahabusu. Kadi ya kiwanda cha kioo ilisema mia tano kumi na tano. Kitabu chake cha michomo, kwa mwandiko wake mwenyewe, kilisema mia tano sitini.

Alipoulizwa hakupepesa jicho. "Tanuri langu linazidisha digrii arobaini na tano. Likiandika mia tano sitini, ndani ni mia tano kumi na tano. Miaka mitatu nachoma hivyo. Kalipimeni."

Inspekta alimwamini. Alimwamini kiasi cha kwenda kumsihi Mkuu wa Upelelezi ampe siku mbili na mtaalamu. Na sasa mtaalamu amepima, na tanuri limemtazama Inspekta usoni likamwambia kwamba yule mama ni mwongo.

Simu ililia. Alijua ni nani.

"Vipi?" aliuliza Mkuu.

"Liko sawa, afande. Tofauti ni digrii moja."

"Basi kazi imekwisha. Saa kumi anasomewa shtaka la kuua bila kukusudia."

"Afande, ningeomba..."

"Uliomba kipimo, nikakupa kipimo. Kipimo kimesema usichokipenda, sasa unataka kingine? Saa kumi." Simu ikakatwa.

Inspekta aliirudisha mfukoni kwa nguvu hadi mshono ukalia. Siku nne alikuwa akitwanga maji kwenye kinu. Alianza na mnyororo wa taa, ukakutwa mzima. Akaenda kwenye ndoano ya darini, nayo ikakutwa mzima, hata kutu haina. Akadhani umeme ulikatika kioo kikiwa tanurini, akashinda nusu siku katika ofisi ya umeme akipigwa danadana kutoka dirisha hadi dirisha, kumbe juma zima hilo taa hazikuzimika hata dakika moja. Katika mji ambao umeme ulikuwa ukikatika mtu akipiga chafya, juma hilo moja tu ndilo ulilokaa.

Mwenye karakana aliingia. Wote hapo walimwita Bosi, mwanamume mnene wa miaka hamsini na shati lililopigwa pasi hadi mikono inakata.

"Mmemaliza? Nina kazi za watu zinasubiri."

"Tumemaliza. Tanuri lako ni zima."

"Namshukuru Mungu," alisema Bosi, lakini uso wake haukushukuru chochote.

"Dada yako anashtakiwa saa kumi."

Bosi alitazama sakafu. "Dada yangu ni mkaidi, Inspekta. Akishika lake, hata malaika hamshushi."

"Hebu nisaidie jambo moja." Inspekta alifungua kitabu cha michomo juu ya meza ya kukatia kioo. "Mchomo wa kwanza hadi wa mia moja na kumi na nane, kupumzisha ni mia tano sitini. Hajabadilisha hata mara moja. Kama alikuwa anakosea tangu siku ya kwanza, vioo vya michomo mia moja na kumi na saba vilinusurikaje?"

"Bahati."

"Bahati mara mia moja na kumi na saba?"

"Hutokea."

"Mtu mwenye bahati hiyo angekaa hapa anaungua nyusi? Angekuwa ameshaununua mji huu na ukumbi wake."

Bosi hakucheka. Alisema ana simu ya kupiga, akatoka.

Inspekta alimgeukia Mwalimu, aliyekuwa akikunja nyaya zake. "Kuna njia ya kujua tanuri hili lilikuwa na joto gani mwezi uliopita?"

"Hakuna. Joto likishapita limepita. Labda kama kuna kitu kilichokuwamo ndani siku hiyo, na bado kipo."

"Vioo vilivyochomwa viko kwa wateja. Kile kingine nimekizoa kwa ufagio."

"Basi pole," alisema Mwalimu, na alipoinama kuchukua mkoba wake akasimama hapo hapo, nusu ameinama. "Inspekta, haya makopo ni ya nani?"

Yalikuwa makopo manne ya maziwa ya unga kwenye rafu ya chini, nyuma ya ufagio. Inspekta aliyajua. Jumatatu alifungua moja, akaona vipande vya kioo cheupe vilivyopinda, akadhani ni masalio, akafunga. Na sasa alikumbuka kitu kingine, akahisi masikio yakipata moto. Katika maelezo ya Mama Digrii palikuwa na mstari aliousoma akaupita: *mtuhumiwa anasema vipimo vyake viko kwenye makopo*. Sajini aliyeandika hakuuliza ni vipimo gani. Naye Inspekta, mwenye miaka ishirini kazini, hakuuliza pia.

"Mimi ni mpumbavu," alisema.

"Hilo tutalijadili baadaye. Njoo uone." Mwalimu alikuwa ameshamwaga kopo la kwanza juu ya meza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huyu mama ni fundi! Unajua hivi ni nini? Unakata vipande vya kioo cha kawaida, vyote urefu mmoja, upana mmoja. Kila ukichoma, unaweka kimoja kama daraja juu ya vitofali viwili. Moto ukipanda, kinalegea katikati. Ukizidi, kinazama zaidi. Kioo hakisomi kisanduku, Inspekta. Kinapata joto lililomo, basi."

Kila kipande kilikuwa kimechorwa namba kwa kalamu ya almasi. Walivipanga kwa namba, Mwalimu akavipima kimoja kimoja kwa rula ya chuma, Inspekta akiandika. Milimita kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Walichagua michomo ya kupinda tu, ile ambayo kitabu kilionyesha digrii mia saba na tano kileleni. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Wa mia moja na kumi na saba, kumi na mbili.

"Na wa mia moja na kumi na nane?" aliuliza Inspekta.

Mwalimu alitikisa kopo la mwisho. Hakikuwamo.

Bosi aliitwa kutoka uani, ambako alikuwa amesimama na simu mkononi bila kuzungumza na mtu.

"Mchomo wa mwisho, nani alifungua tanuri?"

"Mimi. Ilikuwa siku ya mapumziko ya dada, na mteja alikuwa ananiita kila dakika."

"Kulikuwa na kipande cha kioo juu ya vitofali viwili. Kiko wapi?"

"Vikorokoro vyake vyote nilivimwaga pipani."

Pipa lilikuwa uani, pipa la mafuta lililokatwa mdomo, limejaa vioo chakavu hadi kifuani mwa mtu mzima. Inspekta alilitazama, akatazama saa. Saa nne na robo.

Walipekua lile pipa hadi karibu saa saba. Jua liliwakaa kisogoni. Glavu za Mwalimu zilikuwa nzuri, za Inspekta zilikuwa za kuoshea vyombo, na kufikia kipande cha ishirini alikuwa ameshafunga vidole viwili kwa leso. Kila alichokivuta kilikuwa kilekile alichokivuta kabla yake. Shingo ya chupa. Kona ya dirisha. Kipande kilichopinda! Akakigeuza kwenye mwanga, namba hakuna. Kingine kilichopinda, namba tisini, kimevunjika. Alitukana kwa sauti tusi ambalo mama yake alidhani halijui. Mwalimu akajifanya hakusikia, kisha baada ya dakika kumi akalirudia yeye mwenyewe alipokatwa.

Kipande kilikuwa karibu na chini. Inspekta alikipangusa kwa kiganja, akaona tarakimu tatu, nadhifu kama ya kwenye daftari la shule. Mia moja na kumi na nane. Hakuwa na haja ya rula kuona, ila alimpa Mwalimu apime.

"Thelathini na moja," alisema Mwalimu.

"Rudia."

"Safari hii nitarudia." Akarudia. "Thelathini na moja. Kidogo tu kiguse rafu."

Inspekta alikimbilia kitabu. Mchomo wa mia moja na kumi na saba, mia saba na tano kileleni. Wa mia moja na kumi na nane, mia saba na tano. Mwandiko uleule, namba ileile, dakika zilezile, na kioo kimelegea karibu mara tatu.

Alizunguka meza mara mbili. Mwalimu alikaa juu ya ndoo akimtazama.

"Mama Digrii hakusema uongo," alisema Inspekta taratibu. "Tanuri lilikuwa linazidisha. Akiandika mia saba na tano, ndani ni mia sita sitini. Michomo mia moja na kumi na saba. Halafu siku moja likaacha kuzidisha. Akaandika mia saba na tano, likampa mia saba na tano. Akaandika mia tano sitini, likampa hiyo hiyo. Akidhani amekipumzisha kioo, kumbe kioo hakijashuka hata kufika kwenye joto la kupumzishia. Akakiachia kipoe."

"Na kikapoa mbio hapo hapo panapotakiwa polepole," alisema Mwalimu. "Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama tanuri linasema kweli. Hukuniuliza lilianza lini."

Inspekta alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Alichukua tochi, akaingiza kichwa na mabega ndani ya tanuri. Matofali yote yalikuwa yamegeuka rangi kwa miaka ya moto, kahawia hapa, kijivu pale. Rafu zilikuwa na makovu. Lakini kwenye ukuta wa nyuma, kupitia tundu dogo, kilichungulia kipimajoto cha tanuri lenyewe, kijiti chenye ala ya udongo, kirefu kama kalamu. Kilikuwa cheupe kama chaki inayotoka boksini.

Alitoka na vumbi kwenye nyusi.

"Bosi!" aliita. "Njoo!"

Bosi alikuja. Alipoona kipande cha kioo juu ya meza, na tochi, na tanuri wazi, alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama.

"Ulikibadilisha lini?"

"Nini?"

"Usinichoshe. Nimechoka tayari."

Bosi alijifuta uso. "Jumanne, mwezi uliopita. Siku moja kabla ya mchomo wa mwisho."

"Kwa nini?"

"Miaka mitatu ananipigia kelele. Kipimajoto kimechoka, kipimajoto kimechoka, siku moja kitatuaibisha. Nikanunua kipya. Nikakifunga mwenyewe, saa ya chakula, hakuna mtu."

"Ukamwacha achome kwa hesabu za kile cha zamani."

"Tulikuwa hatusemezani. Wiki mbili. Alinifokea mbele ya wateja kwamba mimi ni mfanyabiashara, si fundi. Nikakasirika. Naye akakasirika kwamba nimekasirika. Unajua ndugu. Sikumwambia. Andika hivyo, Inspekta. Sikumwambia."

"Na Jumatatu, kioo kilipoua mtu?"

"Nilijua saa ileile."

"Ukanyamaza. Dada yako analala sakafuni usiku wa tatu, wewe unakuja kazini umepiga pasi!" Inspekta alisikia sauti yake mwenyewe ikigonga mabati, na hakuishusha. "Jana tumepima hapa kutwa nzima. Ulisimama pale mlangoni unatutazama. Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa naomba likosee," alisema Bosi. "Likikosea hata kidogo, dada anatoka, na mimi sihitaji kusema. Kila namba uliyoisoma ilikuwa sawa. Niliogopa, Inspekta. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kituoni. Leo pia nilisema."

Kile kipimajoto cha zamani alikitoa mwenyewe kwenye droo ya ofisi yake, kimefungwa kwenye gazeti. Mwalimu alikiunganisha na kisanduku chake, akakipasha pamoja na kile chake, wakangoja. Kilipanda, kikapanda, kikaacha namba ya Mwalimu nyuma. Kwenye mia tano kumi na tano chenyewe kilisema mia tano hamsini na tisa.

Saa tisa na dakika kumi Inspekta alimpigia Mkuu na kumweleza mara moja, kisha mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza Mkuu alidhani anatania. Saa tisa na nusu alikuwa kituoni, Bosi akiwa chumba cha pili anaandikiwa maelezo.

Mama Digrii aliletwa na sajini. Alikuwa mfupi kuliko Inspekta alivyomkumbuka, kitenge kimekunjamana, nywele zimebanwa vilevile vizuri. Inspekta alisimama kumpa kiti, lakini macho ya mama yalikuwa yameshafika kwenye kile kipande cha kioo. Alikichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Arobaini na tano," alisema. "Kasoro kidogo. Nani kabadilisha kipimajoto?"

"Mdogo wako, mama. Jumanne, siku moja kabla ya mchomo."

"Kakwambia mwenyewe?"

"Amekiri. Mama, hukukosea. Naomba radhi, mimi na ofisi hii. Uliniambia habari ya makopo nikakupuuza. Mlango uko wazi, gari litakupeleka nyumbani."

Hakuonyesha kufurahi. Alikiweka kioo mezani taratibu, kikakalia tumbo lake lililopinda kikitikisika.

"Amesema kwa nini hakuniambia?"

"Amesema mlikuwa hamsemezani. Kwa hiyo hakukwambia. Alisisitiza hivyo, hakutaka kuongeza neno."

Mama Digrii aliangalia ukuta, upande wa chumba cha pili, ambako sauti ya Bosi ilisikika chini chini ikijibu maswali.

"Jumanne jioni alikuja nyumbani kwangu," alisema. "Alileta chai kwenye chupa, ya tangawizi, ninayoipenda. Akasimama mlangoni. Akasema, 'Dada, kuna jambo la lile tanuri.' Nikamwambia, mimi na wewe hatuna tanuri la kuzungumza. Nikamfungia mlango. Akagonga tena, nikazima taa."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Inspekta, karatasi ya kumwachia huru ilikuwa imeshasainiwa.

"Hilo hajalisema, mama."

"Hawezi kulisema. Heri afungwe." Alivuta kiti ambacho muda wote hakuwa amekikalia, akakaa, akaweka mikono miwili mezani. "Yule kijana aliyekufa alikuwa na mama?"

"Anaye."

"Basi chukua karatasi nyingine, mwanangu. Andika kwamba alikuja kuniambia."